Maji ya Kukanda

Mimi hupiga pasi. Mwaka wa kumi na tatu sasa niko katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kule Nyali, mashuka na foronya tangu asubuhi hadi saa tisa mchana. Nayasema haya mwanzo ili ijulikane kwamba moto naujua. Naujua kwa harufu, naujua kwa mlio wa tone la maji likidondokea chuma. Mikononi nina makovu madogo madogo ambayo mengine sikumbuki hata yalitoka siku gani. Kwa hiyo siwezi kujitetea kuwa sikujua moto hufanya nini kwenye ngozi ya mtu.

Binti yangu alizaliwa na kifua kilichobonyea. Alipokuwa mchanga kilikuwa kishimo kidogo tu, nami nilikuwa nikikibusu nikimaliza kumwogesha. Alipokua, kishimo nacho kikakua. Kufika miaka kumi na mbili, ngumi yangu ingeingia pale katikati ikakaa. Akipanda ngazi za shule lazima asimame aheme, na akitembea hukumbatia vitabu kifuani, hata siku ambazo hana haja ya kubeba vitabu. Wenzake walikuwa wamempa jina. Sitaliandika hapa, maana bado linanipandisha hasira, na mimi ni mtu wa hasira za karibu.

Tuliishi Mtopanga, nyumba ya vyumba viwili katika ploti ya wapangaji sita, ua mmoja na bomba moja. Baba yake ni dereva wa lori na siku nyingi yuko njiani. Basi mambo ya hospitali yalikuwa yangu peke yangu, na ukweli ni kwamba niliyapenda yawe yangu. Sikupenda kuulizwaulizwa.

Mtu aliyekuwa akiniuliza zaidi ni mama mkwe wangu. Yeye ni wa Kaloleni, mwanamke mwembamba, mkulima, asiye na maneno mengi lakini kila neno lake lina mizizi. Nilipojifungua huyu binti ndiye aliyekuja kunikanda. Asiyejua mambo ya kwetu nimweleze: mzazi, au mgonjwa aliyelala sana, huchemshiwa maji yenye majani ya mwarobaini, kitambaa kikachovywa humo kikakamuliwa, akakandwa nacho mwilini kikiwa bado kinatoa moshi. Mama mkwe alinikanda siku arubaini. Siku za kwanza nilipiga mayowe hadi wapangaji wakacheka. Lakini alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata siku moja. Anayekandwa ndiye anayesema yatosha. Mkandaji hana haki ya kukoma kabla, wala haki ya kuendelea baada ya hapo. Nikisema "yatosha, mama," mkono wake ulikuwa unasimama papo hapo, hata kama ulikuwa njiani. Nilikuja kumpenda kwa jambo hilo kabla sijampenda kwa lingine lolote.

Alipopata habari kwamba mtoto atapasuliwa kifua, alinipigia simu. "Mtoto anakula, anacheza, anaenda shule. Mwaenda kumchana ya nini?" Nikamwambia moyo wa mtoto unabanwa na mfupa, na kila mwaka unabanwa zaidi. Kisha akauliza lile lililokuwa likiniuma mimi mwenyewe: "Na uchungu je? Huo uchungu ataubeba vipi?"

Swali hilo nilikuwa nimemuuliza daktari kabla ya jingine lolote. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na alinichorea mbavu kwenye karatasi. Akanieleza kwamba watapitisha kipande cha chuma kilichopinda chini ya mfupa wa kifua, wausukume mfupa utoke nje, na chuma kikae humo miaka miwili au mitatu. Zamani, akasema, hapo ndipo watoto walipokuwa wakiteseka. Walilala wiki nzima wakilia, dawa zikiwaingia kwa mrija mgongoni. Siku hizi kuna njia nyingine. Chini ya kila ubavu hupita mshipa wa fahamu, ndio unaopeleka habari ya maumivu. Kabla ya kufunga kidonda wataigusa mishipa hiyo, mmoja mmoja, kwa chombo chembamba chenye baridi kali, mpaka igande.

"Mtaiua?" nikamuuliza.

"Hatuikati wala hatuiui. Tunailaza. Italala miezi kadhaa, kisha itaota tena taratibu na kuamka yenyewe. Wakati huo kifua chake kitakuwa na ganzi. Ukimgusa hatajua."

Nilielewa vizuri sana. Nilikumbuka vidole vyangu nilipokuwa msichana nikiuza barafu za maji, jinsi vilivyokuwa vikifa ganzi ndani ya friji hadi nikijikata nione damu kwanza. Ila sikuona namna ya kumwambia mama mkwe kwamba watu watamgandisha mjukuu wake mishipa kwa makusudi. Nilijua atakavyosema. Atasema mmemuua nyama. Atampigia mwanawe huko njiani, na mwanawe ataanza kusitasita, nami nitaanza kueleza upya kwa watu wawili jambo nililokwisha kuliamua. Kwa hiyo alipouliza uchungu ataubeba vipi, nilijibu, "Atapewa dawa kali, mama." Nikakata simu nikijiona mjanja.

Upasuaji ulikwenda salama. Siku ya pili mtoto aliketi kitandani akaomba viazi karai. Niliona watoto wengine katika wadi ile, waliopasuliwa mambo madogo kuliko yake, wakilia wakigeuzwa. Wangu alikuwa akilalamika mgongo na mabega tu, huko ambako ganzi haikufika. Nikashukuru Mungu hadharani, bila haya, wauguzi wakinitazama.

Kisha akaniambia, "Mama, nifinye hapa." Akanionyesha juu kidogo ya matiti. Nikamfinya kidogo. "Nifinye kwa nguvu." Nikafinya hadi kucha ikaacha alama. Akacheka, akasema ni kama namfinya mtu mwingine. Alicheka sana, nami nikajidai kucheka, lakini moyoni niliogopa. Tangu azaliwe nilikuwa nikimlea kwa kilio chake. Analia njaa, namlisha. Analia jua, namtoa juani. Sasa sehemu nzima ya mwili wake ilikuwa imenyamaza, na nilijua hata wakati ule kwamba kuna mtu atapaswa kuisemea.

Siku ya kutoka, muuguzi alinikalisha akanisomea karatasi. Asibebe kitu kizito. Asilale kwa ubavu. Asijipinde. Na hili akalirudia mara mbili: asiwekewe kitu chochote cha moto kifuani, si maji, si chupa, si kitambaa, mpaka fahamu zirudi, kwa sababu hatajua anaungua. Nikatia sahihi. Karatasi nikaikunja, nikaiweka ndani ya Biblia.

Mama mkwe alishuka Mtopanga siku hiyohiyo, na kuku aliyefungwa miguu na furushi la leso. Hakusema lolote kuhusu kuchana wala kutochana. Alimshika mtoto uso kwa mikono miwili, akamtazama kifua kilivyonyooka, akalia. Wiki ile niliyopewa ruhusa kazini tuliishi vizuri kuliko tulivyowahi kuishi. Nilimwambia: asibebe kitu kizito, mama. Asilale kwa ubavu. Asijipinde. La moto sikumwambia. Kumwambia la moto ilikuwa lazima nimweleze la ganzi, na kumweleza la ganzi ni kukiri kwamba nilimficha. Jioni moja aliniuliza mbona mtoto halii kidonda. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Nikasema, "Zile dawa bado zina nguvu." Akatikisa kichwa, akasema hospitali za siku hizi ni za ajabu. Nikaahirisha hadi Jumapili. Jumapili ikaja na wageni wa kanisani.

Jumatatu nilirudi kazini. Jumatano, saa kumi kasoro, niliingia uani nikakutana na harufu ya mwarobaini kabla sijafika mlangoni.

Yaliyotokea mchana ule nilikuja kuambiwa na binti mwenyewe. Alikuwa amelalamika mgongo umekaza. Nyanya yake akafanya ambalo nyanya yeyote wa kwetu angefanya. Akachemsha maji, akamkanda mabega na mgongo, polepole, na mtoto alipohisi moto umezidi alisema yatosha, na mkono ukasimama. Hapo palikuwa sawa. Kisha nyanya akamgeuza amkande kifua, mbali na kidonda kilichofungwa. Akaweka kitambaa, akangoja aambiwe. Hakuambiwa. Akauliza, "Wasikia?" Mtoto akasema, "Sisikii, nyanya." Akadhani maji yamepoa. Akarudisha sufuria jikoni, akachochea makaa. Akakanda tena. "Wasikia?" "Sisikii." Akarudi jikoni tena.

Nilimuuliza binti mbona hakumwambia nyanya kwamba amegandishwa, yeye aliyekuwa akijua. Alinijibu huku anatazama vidole vya miguu. Alitaka kuona kama moto ukizidishwa atasikia. Alikuwa amechoka kuwa na kifua cha mtu mwingine.

Nilimkuta amelala chali juu ya leso. Kifua chake chote cha juu kilikuwa chekundu, kinang'aa, na pembeni palikuwa na lengelenge limejaa maji, kubwa kama yai. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti kando yake, kitambaa mkononi kinafuka. Aliponiona uso wake ulipata nafuu. "Afadhali umekuja. Huyu mtoto ana baridi kifuani, maji yachemka na yeye hasikii."

Nilipiga ukelele. Nilisema, "Umemchoma! Umeniunguzia mtoto!" Nikamnyang'anya kile kitambaa, na mimi, mpiga pasi, nikakiachia papo hapo maana sikuweza kukishika. Yeye alikuwa amekishika muda wote ule. Viganja vyake vilikuwa vimevimba. Alitazama kifua cha mtoto, akatazama sufuria, akanitazama, na niliona kabisa kwamba hafahamu ni kosa gani amefanya.

Hospitalini daktari mwenye sauti ya chini hakunifokea, ingawa ingekuwa afadhali angenifokea. Alisema ngozi itapona au haitapona, tutaona, lakini chuma kiko karibu. Uchafu ukiingia ukakifikia, itabidi kitolewe, na kifua kitarudi kilivyokuwa. Kazi yote itakuwa bure, na kupasuliwa mara ya pili ni kugumu zaidi. Binti alisikia. Hakulia kwa ajili ya lengelenge, ambalo hata hakulihisi. Alilia kwa ajili ya chuma.

Baadaye muuguzi yule aliyenisomea karatasi alikuja kufunga kidonda. Akauliza nani aliyemkanda. Nikasema nyanya yake. Akaniuliza, "Kwani hamkuambiwa?"

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi, hatua mbili kutoka nilipo, mikono yake ndani ya leso. Nikasema, "Huyu ni mtu wa mashamba, sista. Mambo haya hayajui." Nilisema hivyo. Nimejaribu kulikumbuka kwa namna nyingine na haikuwa kwa namna nyingine. Kisha nikamfuata daktari ofisini, nikawaacha wao wawili, mtoto na nyanya yake.

Siku iliyofuata mume wangu alipiga simu kutoka njiani, akamfokea mama yake. Simu ilikuwa yangu, sauti ilikuwa juu, nilisikia kila neno. Alimwambia amemharibu mtoto kwa mambo ya kizamani. Mama mkwe alisema, "Ndiyo, baba. Ndiyo, baba." Hakusema jingine. Mimi nilikuwa nachambua mchele, na nikaendelea kuchambua. Kulipopambazuka alifunga furushi lake akarudi Kaloleni. Hakuaga kwa ubaya. Alinipa mkono, nami nikahisi malengelenge kiganjani mwake.

Tulifunga kidonda kwa majuma mengi. Kila asubuhi kabla ya kazi nilikifungua nikakinusa, maana nilikuwa nimeambiwa uchafu hujulikana kwa harufu. Kazini nilikuwa nikipiga pasi na kunusa mikono yangu. Nilifanya makosa, nikaunguza foronya mbili, msimamizi akaniuliza nina nini. Nilikuwa nikiomba Mungu, na kila nilipoomba nilifika mahali nikakwama, kwa sababu nilikuwa naomba aniponyee mtoto na huku nimemwachia mtu mwingine mzigo wangu. Sala ya namna hiyo huimalizi.

Kidonda kilifunga. Kikaacha baka lenye umbo la jani la muhogo, jeusi pembeni na jeupe katikati. Chuma kikabaki mahali pake. Daktari aliposema hivyo nilikaa sakafuni pale pale.

Nilitaka kumpigia mama mkwe. Nilimpigia, nikamwambia mtoto amepona. Akasema, "Mungu ashukuriwe," akauliza kama mvua imefika Mtopanga. Sikumwambia zaidi. Miezi ikapita hivyo. Mume wangu alipomtaja mama yake mezani, binti alikuwa akinitazama. Nilidhani ananitazama kwa sababu ya kumkumbuka nyanya yake.

Mwezi wa tano baada ya upasuaji, asubuhi anavaa sare, binti aliniita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu akiwa mdogo. "Mama! Panawasha!" Nikakimbia. Alikuwa amesimama mbele ya kioo anajikuna juu ya lile baka, machozi yanamtoka. Ilikuwa kama sindano, alisema, sindano nyingi. Nikamgusa kwa ncha ya kidole. Akaruka. Nikamgusa tena, kando kidogo, akasema, "Aa, mama, wachaa!" Nilimkumbatia hadi akalalamika chuma kinamuuma. Tulichelewa sote wawili siku ile.

Akasema lazima nyanya aambiwe, tena si kwa simu.

Jumamosi tulikwenda Kaloleni. Mama mkwe alikuwa uani anapukuchua mahindi. Binti alimwamkia, akaitwa karibu, akajibu abee, akapiga magoti. Akauchukua mkono wa nyanya yake akauweka mwenyewe kifuani, juu ya baka. Yule mama aliuvuta mkono kama aliyeguswa na kaa la moto. Binti akaurudisha. "Nasikia, nyanya. Mkono wako una vumbi la mahindi. Nasikia."

Nilikuwa nimesimama na mkoba wangu, nikaona kwamba nisiposema sasa sitasema tena maishani.

"Mama," nikasema, "mimi niliambiwa. Hospitalini walinisomea karatasi, nikatia sahihi. Walimgandisha mishipa ili asisikie uchungu, wakaniambia asiguswe na moto. Nilikuficha. Ulipouliza nilikudanganya, na nilipoulizwa nikakutupia wewe. Kosa ni langu, halikuwa lako hata kidogo."

Aliendelea kupukuchua. Punje zikaanguka kwenye ungo.

"Najua," akasema.

Nikamtazama binti. Binti akainamisha kichwa.

"Aliniambia siku ile ile, pale kwenye benchi, ulipoingia kwa daktari. Nilikuwa nalia. Akaniambia, nyanya usilie, mama aliambiwa."

Kwa hiyo alijua. Aliponipa mkono wa kuaga alijua. Mwanawe alipomfokea, na mimi nachambua mchele mbele yake, alijua, na akasema ndiyo, baba. Nikamuuliza mbona hakusema.

"La kusema halikuwa langu. Nilikuwa nangoja nione kama utakuja nalo."

"Na nisingekuja?"

"Ungebaki mke wa mwanangu. Ila kwako nisingelala tena."

Alisema bila hasira, na hilo lilinichoma kuliko matusi. Nilikaa chini vumbini na nguo zangu za safari, nikalia kwa sauti, mtu mzima mimi. Aliniacha nilie. Hakunibembeleza. Nilipomaliza, alisukuma ungo kando, akainuka kwa shida, ameshika bega la kulia.

"Hili bega linaniuma tangu mvua zianze," akasema. "Jikoni kuna sufuria. Mwarobaini uko pale nyuma. Chemsha maji unikande."

Binti alichuma majani, nikachochea moto. Nilijaribu maji kwa kifundo cha mkono, nikayajaribu tena, nikayapooza kidogo. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda, akateremsha leso begani. Ngozi yake ilikuwa nyembamba, mfupa unaonekana. Nilikamua kitambaa nikakiweka.

Hakusema kitu. Nikabonyeza kidogo. Hakusema kitu. Moshi ulikuwa unapanda shingoni mwake, na binti amesimama mlangoni anatutazama. Nikaogopa, nikakiinua kitambaa.

"Nimekwambia yatosha?" akauliza, bila kugeuka.

"Hujaniambia, mama."

"Basi rudisha. Ukizidi nitakwambia. Mimi husema."

Nikachovya kitambaa tena.